Mita tatu, nyumba moja: kodi ya jengo alipe nani?

SWALI

Shikamoo mzee wangu.

Nyumba yetu iko Tandika, ile ya kizamani ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Chumba kimoja cha mbele baba alikivunja ukuta akatoa fremu ya biashara. Baba alifariki 2019, Mungu amrehemu. Mama ana miaka 67, anaishi humohumo kwenye vyumba viwili, na vitatu vilivyobaki vina wapangaji.

Zamani nyumba nzima ilikuwa na mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kila mwisho wa mwezi palikuwa hapakaliki. Huyu ana friji, yule anapiga pasi usiku, mwingine akiambiwa achange elfu tano anajibu kwamba yeye anawasha taa tu. Baba alipochoka akaongeza mita mbili, moja ya fremu na moja ya wapangaji wa ndani. Amani ikarudi.

Sasa kuna vita nyingine. Kila mwezi mita zote tatu zinakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Aliyepanga fremu ni kinyozi, kijana wa adabu zake. Wiki mbili zilizopita alinionyesha simu, ametunza meseji zote za LUKU tangu aingie, miezi 14. Akasema, "Dada, mimi nilipanga fremu, sikupanga na kodi ya serikali." Anadai 21,000 yake. Wapangaji wa ndani wamesikia, nao wamekuja juu. Mama kakasirika kwelikweli. Anasema anayetumia umeme ndiye anayekatwa, hayo mengine hayajui.

Halafu kwenye kabati la baba nimekuta hati ya kiwanja. Nikaulizia, nikatolewa bili ya pango la ardhi ambalo halijalipwa tangu 2018. Pamoja na adhabu ni zaidi ya laki mbili. Kaka yetu mkubwa anasema huo ni wizi mtupu, LUKU inatukata kila mwezi na huwezi kulipia nyumba moja mara mbili.

Na juzi kapita mtu mtaani, kavaa kizibao cha kung'aa, ana na faili. Anasema anaweza kuzitoa mita mbili kwenye mfumo kwa 30,000 kila moja, taslimu. Mama alishaanza kufungua pindo la kanga, nikawahi.

Tena nimesikia wazee wa miaka 60 walishasamehewa kodi hii. Kama ni kweli, mbona mama anakatwa?

Nisaidie mzee, maana mimi ndiye ninayepigiwa simu na kila upande.

Binti wa Tandika, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa mama alifunge tena lile pindo la kanga. Malipo ya serikali siku hizi yanaanza na kontro namba, unalipia benki au kwa simu, na risiti inakuja yenyewe. Mtu anayetaka taslimu ili "akutoe kwenye mfumo" ni kishoka, hata avae kizibao cha kung'aa kama taa za barabarani. Akirudi mkaribishe mwende wote mpaka ofisi ya serikali ya mtaa akaeleze huko. Utashangaa atakavyokumbuka kwamba ana safari.

Sasa tuje kwenye vita yenyewe. Ninyi mnahesabu mita, lakini sheria inahesabu jengo. Kodi hii ilikuwepo kabla ya LUKU kuingizwa humo. Kwa nyumba ya kawaida tulikuwa tunalipa 10,000 kwa mwaka, na bili unaifuata mwenyewe. Nazikumbuka foleni za mwezi Juni, watu wamekaa chini ya mwembe na makaratasi mkononi kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Wengi hawakwenda kabisa, na mimi kuna mwaka sikwenda. Ndipo Agosti 2021 serikali ikaamua kuifuata kodi yake kule ambako hakuna anayeweza kukwepa, kwenye umeme. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500, ambayo kwa mwaka ni 18,000 na 90,000.

Kwa hiyo nyumba yenu, kama ni jengo moja lisilo ghorofa, inadaiwa 18,000 kwa mwaka. Ninyi mnakatwa mara tatu ya hiyo, 54,000. Mfumo hauioni nyumba yenu. Unachoona ni namba tatu za mita, na kila namba umeihesabu kuwa ni nyumba ya mtu. Mwenye jengo moja lenye mita zaidi ya moja anatakiwa aende akatoe taarifa ili ibaki mita moja tu inayokatwa. Asipokwenda, hakuna atakayekuja kumgongea mlango kumwambia, "Mama, tunakuzidishia."

Jambo hilo kalifanyeni wenyewe, na bure. Mchukue namba za mita zote tatu (zipo kwenye meseji ya LUKU au kwenye mita yenyewe), kitambulisho cha NIDA cha mama, nakala ya hati na barua ya mtendaji wa mtaa inayosema kwamba mita hizo tatu ziko kwenye jengo moja. Barua hiyo msiidharau, ndiyo inayomaliza ubishi dirishani. Anzieni halmashauri kwenye dawati la kodi ya majengo. Ukielekezwa TRA, Mamlaka ya Mapato, usikasirike. Kodi hii imehamishwahamishwa kati ya halmashauri na TRA kwa miaka mingi kama mtoto wa wazazi walioachana, na usajili wa majengo uko huko na huko. Wakikuuliza kuhusu uani, sema ukweli. Jiko na choo ni sehemu ya nyumba yenu, lakini kama kuna banda la vyumba limejengwa peke yake huko nyuma, hilo linaweza kuhesabiwa jengo la pili. Bora ulitaje mwenyewe kuliko likutwe.

Na kabla hamjatoka nyumbani, angalieni mita zina majina ya nani. Hapa nilijikwaa mimi mwenyewe. Nyumba ninayokaa niliinunua, lakini mita sikubadilisha jina, ikabaki na jina la aliyeniuzia, naye alishahamia Songea. Nilipofika dirishani kijana akaniangalia, akaangalia kioo, akaniambia, "Mzee, wewe siye." Nilirudi mara tatu. Mara ya pili nilikwenda na mkataba wa mauziano, wakataka na barua ya mtaa. Mara ya tatu nilikuwa na vyote, mtandao ukakatika. Mita zenu bila shaka zina jina la marehemu baba, kwa hiyo jiandaeni, na nitalirudia hilo.

Kuhusu kinyozi, mwanangu, kijana ana haki. Sheria inamdai mmiliki wa jengo, haimdai anayelala ndani yake wala anayenyolea watu humo. Malalamiko haya yalipozuka 2021, serikali iliwaambia wapangaji wamalizane na wenye nyumba wao kwenye pesa ya pango. Mpangaji akikatwa LUKU anakuwa amemlipia mwenye nyumba. Ni kama umtume mtoto wa jirani sukari, atangulize pesa yake, halafu umwambie sukari haikuhusu.

Mama anaamini 1,500 ni sehemu ya bei ya umeme, na si yeye peke yake. Mchukulie meseji mbili za mita yake za mwezi mmoja, aliponunua umeme wa 10,000 mara ya kwanza na mara ya pili, umsomee taratibu. Kwa anayelipa bei ya 292 kwa uniti, ile ya pili itakuwa na gharama ya umeme 8,196.72, VAT ya asilimia 18, tozo ya EWURA (wadhibiti wa nishati) asilimia 1 na ya REA (umeme vijijini) asilimia 3, basi. Inampa uniti 28. Ile ya kwanza imetolewa 1,500 kabla ya hesabu yoyote, ikabaki 8,500, na uniti zikaja 23 na pointi 9. Pesa ni ileile na mita ni ileile, lakini uniti nne zimekwenda kulipia kuta na paa. Zidisha kwa kinyozi anayewasha mashine kutwa, utaona kwa nini alitunza meseji.

Lingine la kuangalia ni vyumba vinavyokaa vitupu. Mita ikikaa miezi minne bila kununuliwa umeme, kodi haisimami, inajipanga. Mpangaji mpya akija ananunua wa 10,000, inaondoka 6,000 mara moja, anapata uniti 11 na kitu. Hapo anaanza kusema nyumba ina mkosi. Ninyi mita ya ndani inachangiwa na vyumba vitatu kwa hiyo si rahisi ikae kimya, lakini fremu ikihamwa, kumbuka.

Kwa hiyo mrudishieni kinyozi 21,000 yake. Kama haipo taslimu, ikateni kwenye pango atakalolipa safari ijayo na muandikishane kwenye karatasi. Wale wa ndani ni watatu kwenye mita moja, wanagawana, ni 500 kwa kila chumba kwa mwezi, hesabuni kuanzia kila mmoja alipoingia. Najua mama atasema, "Basi na mimi napandisha kodi ya chumba." Ni haki yake mkataba ukiisha, akipandisha kwa uwazi.

Umeona nilivyosema hapo, "kodi ya chumba"? Nadhani hapo ndipo kaka yako alipopotelea. Kiswahili chetu kimetufanyia jambo. Anacholipa mpangaji tunakiita kodi, anachochukua serikali tunakiita kodi. Pango la nyumba ni pango, na la ardhi ni pango. Mtu akisikia "kodi ya nyumba mmeshalipa" anatulia, akidhani yote yameisha.

Pango la ardhi si la nyumba kabisa. Hata mngekuwa hamjaweka tofali moja juu ya kile kiwanja, mngedaiwa. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ameshika dhamana yake, na sheria ya ardhi ya 1999 inasema hivyo bila kumumunya maneno. Baba alipopewa hati alipewa haki ya kukaa juu yake kwa miaka iliyoandikwa pale, kwa masharti, na sharti mojawapo ni kulipa pango kila mwaka. Mama ni mwenye nyumba kwa kinyozi, lakini kwa ardhi yeye naye ni mpangaji. Kiasi chake kinatokana na ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake, mwaka wake unaanza Julai, na malipo yake hayapiti LUKU. Bili uliyotolewa inawezekana kabisa ni halali. Hakikisha tu imetoka kwenye mfumo wa Wizara ya Ardhi au ofisi ya ardhi ya halmashauri, na kwamba namba ya kiwanja na kitalu vinafanana na vya kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu.

Hili ndilo ningelipa kwanza, kabla ya yote. Mita tatu zinawaumiza 3,000 ya ziada kwa mwezi, inauma lakini haiui. Deni la pango la ardhi linaongezeka adhabu, wadaiwa wanapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba, na mwisho wake milki inaweza kubatilishwa. Laki mbili, tuseme mko watoto watano, ni elfu arobaini na kitu kila mmoja. Mwambie kaka hivyo, na aanze yeye kutoa kwa kuwa ndiye mkubwa. Mkishindwa kwa mkupuo, nendeni mkaombe kulipa kidogokidogo. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa vizuri kuliko anayeitwa.

Kuna na ya tatu, niiguse tu. Pesa ya pango la fremu ina kodi ya zuio ya asilimia 10, hiyo ni ya TRA na haihusiani na hizi mbili. Kinyozi akiwa na namba ya mlipakodi na akaulizwa pango analipa kiasi gani, jina la nyumba yenu litatajwa. Siku mkienda TRA kwa ajili ya mita, muulizie na hilo.

Sasa msamaha wa wazee. Ni kweli upo. Mwenye miaka 60 au zaidi anasamehewa kodi ya jengo kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi humo. Hauji wenyewe. Mfumo hauna habari ya umri wa mama, lazima akaombe. Na kwenu kuna mawili. La kwanza ni wapangaji na fremu. Msamaha uliwekwa kwa ajili ya nyumba ya mzee ya kukaa, haukuwekwa kwa ajili ya nyumba inayoingiza kodi, na mkifika na kinyozi kwenye uso wa nyumba mtaulizwa. Semeni yalivyo. Nimeona watu wanaapa kwamba nyumba haina mpangaji, kumbe ofisa anakata nywele palepale.

La pili ni zito zaidi. Kwenye karatasi mama hamiliki chochote. Hati ina jina la baba, mita zina jina la baba, na baba ana miaka kadhaa chini ya udongo. Mlifanya arobaini, lakini sidhani kama mlifungua mirathi. Familia nyingi haziifungui, kwa sababu anayeitaja anaonekana ana uroho. Wewe itaje, na visingizio hivi vya kodi vitakusaidia. Kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mumpendekeze msimamizi (mama mwenyewe anaweza kuwa), mchukue cheti cha kifo mwende Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa, dirisha lolote utakalokwenda, la mita, la ardhi au la msamaha, kuna mtu wa kusimama mbele yake na kusema "ni mimi" bila kuambiwa siye.

Mtu akiniuliza kama kodi yenyewe ni ya haki, nitasema ni rahisi, si ya haki. Nyumba isiyo ghorofa Masaki yenye bwawa la kuogelea na geti la umeme inakatwa 1,500 sawa na hiyo yenu ya Tandika yenye ufa ukumbini. Zamani majengo yalikuwa yanathaminiwa na kila mmoja analipa kwa thamani yake, ila uthamini ulikuwa haumaliziki na pesa haikusanyiki. Tukaachana nao. Na usiishauri familia ikate umeme ili ikwepe, maana nyumba isiyo na umeme inadaiwa vilevile.

Wiki hii mchukue hati na uilipie pango la ardhi hata kama ni nusu. Kinyozi mrudishie yake Jumamosi, kabla hajaanza kukusanya na meseji za maji. Kwenye mita nendeni Jumatano au Alhamisi, mama asikae foleni ya Jumatatu asubuhi, na abebe chupa yake ya maji. Miwani pia, ataambiwa asaini.